Waliotaka Kumwona Kulthum

Mwalimu Odhiambo aliandika neno moja ubaoni, WALENGWA, akaweka chaki na kugeuka kulitazama darasa.

"Kila kundi litatengeneza video ya wimbo mmoja," alisema. "Lakini kamera hamtaigusa mpaka mje mniambie video hiyo ni ya nani. Na msiniambie ni ya kila mtu. Mama akibandika uji asubuhi anajua utanywewa na nani. Ninyi pia nataka mjue."

Ulikuwa mwaka wa 1995, muhula wa mwisho wa darasa la utangazaji katika chuo kimoja kidogo cha Changamwe. Kamera yenyewe ilikuwa moja, ile kubwa ya kubebwa begani, na makundi yaliipokezana. Mbarak, kijana wa Kisauni, alitoka darasani siku hiyo akiwa na furaha kuliko wenzake, kwa sababu wimbo alikuwa nao tayari. Ulikuwa wa Kulthum, mchumba wake.

Kulthum alisoma ushonaji katika chuo hicho hicho. Ami yake Mbarak alikuwa ameshakwenda Likoni kumposa, baba wa msichana akaridhia, na arusi ilikuwa ikingoja wote wawili wamalize masomo. Wimbo aliutunga mwenyewe Kulthum, akauimba nyumbani kwao mbele ya redio ya kaseti, binamu yake akimpigia kinanda. Ulikuwa wimbo wa mke aliyefungiwa nje:

Nimekupa ufunguo, mbona unanifungia?
Niko hapa mlangoni, na sauti wasikia.

Mbarak aliisikiliza kanda hiyo hata ikaanza kukwaruza. Kila alipoisikiliza peke yake alikuwa na hakika kwamba anaimbiwa yeye.

Kundi lao lilikuwa la watu wawili tu, yeye na Milcah. Milcah alizaliwa Kakamega, akaletwa Changamwe na baba yake aliyefanya kazi kiwandani, na hakuwa na haya ya kusema na watu asiowajua. Waligawana kazi: Mbarak apange picha na kushika kamera, Milcah aandae maswali ya kuwauliza watu. Mpango wa Mbarak ulikuwa mwepesi. Kulthum angesimama mbele ya mlango wa mbao wa nyumba moja kuukuu ya Frere Town, amevaa leso na mtandio, auimbe wimbo wake wote akiuelekea mlango, na mwisho ageuke awatazame watazamaji.

"Baba yako atakubali?" Mbarak alimwuliza Kulthum.

"Nimeshamwuliza. Amesema nivae kwa heshima, na yeye aione kabla ya watu. Basi."

Mbarak alishangaa kidogo, maana baba huyo, Maalim Sheikhan, alikuwa akisomesha watoto Kurani na watu wa Likoni walimjua kwa ukali wake. Lakini alifurahi. Alimwona Kulthum anavyong'ara usoni akiizungumzia video hiyo, anavyouliza avae leso ya rangi gani, naye akajiona mtu mwenye bahati.

Kisha wakaenda kuuliza watu.

Walianzia kwenye geti la kiwanda kimoja cha Changamwe, saa ya chakula cha mchana. Wafanyakazi walikuwa wamekaa ukutani wakila mahamri kwa mbaazi. Milcah aliweka redio ya kaseti juu ya kreti la soda, akabonyeza, na sauti ya Kulthum ikatoka. Mazungumzo yalipungua, halafu yakakatika. Mtu mmoja aliyekuwa akitafuna aliacha kutafuna.

Wimbo ulipokwisha Milcah alianza maswali yake. Mtaitazama video hii wapi? Na nani? Mngependa kuona nini ndani yake? Maswali mawili ya kwanza yalijibiwa hivi na vile. La tatu lilijibiwa namna moja.

"Huyo anayeimba," alisema mmoja. "Tumwone yeye."

"Ndiyo, yeye. Ana sura gani?"

"Sura ya nini? Mwenye sauti hiyo hata akivaa gunia."

Walicheka. Milcah alicheka nao, akaandika. Mbarak hakucheka. Miongoni mwao alikuwepo kuli mmoja wa bandarini aliyekuja kumtembelea ndugu yake, jina lake Tsuma, mtu wa makamo, mpole, mwenye viganja vikubwa. Yeye aliomba wimbo urudishwe. Uliporudishwa alifumba macho, akausikiliza hivyo hivyo amefumba, mpaka mwisho.

"Kama ananiambia mimi," alisema Tsuma polepole. "Wallahi, kama ananiambia mimi."

Hakuwa amesema neno baya. Lakini Mbarak alihisi kama mtu amemtia mkono mfukoni. Aliinama akaizima redio kwa ghafla, ingawa kanda ilikuwa imeshajizima, na Milcah akamtazama.

Ikawa hivyo kote. Kwa kinyozi wa Kisauni, mteja mwenye povu la sabuni shavuni aliuliza kama binti huyo ameolewa. Kwenye banda la video la Bombolulu, vijana walisema wangelipa kiingilio kuitazama, halafu wangelipa tena. Mmoja alianza kuuimba ule mstari wa ufunguo kwa sauti nyembamba, akimwiga Kulthum, mikono ikipinda hewani. Wenzake walimshangilia. Mbarak alimwambia Milcah inatosha, waondoke.

"Lakini hatujauliza wanawake," Milcah alisema.

"Tutawauliza siku nyingine."

Ndani ya basi la kurudi, Mbarak alikaa dirishani. Alikuwa akiziona sura za wale watu wote, mmoja mmoja. Aliwaza kwamba Kulthum atakapogeuka mwisho wa wimbo kuwatazama watazamaji, atamtazama yule mwenye povu la sabuni. Atamtazama Tsuma. Atawatazama wale vijana wa banda la video, nao watamrudisha nyuma na kumtazama tena, na kumsimamisha kwenye kioo kwa kidole wakitaka. Na lililomuumiza zaidi ni kwamba alipousikiliza wimbo jioni hiyo hakuweza tena kuamini kwamba ni yeye anayeimbiwa. Kuli wa bandarini alikuwa amechukua nusu yake.

Alijiambia hii ni heshima tu, ni haki ya mwanamume kumhifadhi mchumba wake. Lakini hakwenda kumwambia Kulthum maneno hayo. Alimngoja nje ya darasa la ushonaji akamwambia jingine.

"Watu tumewauliza," alisema. "Wimbo wameupenda."

"Alhamdulillahi. Na video?"

Mbarak alitazama kando. "Wanataka kuona mchezo, waigizaji. Hawakupendelea kumwona mwimbaji mwenyewe."

Kulthum alikuwa ameshika kitambaa alichokuwa akikishona, akawa anakikunja na kukikunjua.

"Mliwaonyesha picha yangu?"

Hapo ndipo Mbarak alipopata nafasi ya kurudi nyuma, nayo hakuitumia. "Wako waliokuwa wakikujua," alisema. "Wa huko Likoni."

"Wakasema hawataki kuniona."

"Si hivyo. Walisema afadhali mtu mwingine."

"Haya," alisema Kulthum. "Basi tafuteni mtu mwingine. Sauti yangu chukueni." Aliingia darasani, na siku hiyo hakumngoja Mbarak amsindikize mpaka feri kama walivyozoea.

Milcah naye aliambiwa hadithi nyingine: kwamba baba yake Kulthum amebadilisha nia, hataki binti yake aonekane. Milcah alisikitika akasema ni haki ya mzee. Wakamtafuta Pascalia wa darasa la uhazili, msichana mrefu, mwenye sura nzuri, awe akifungua mdomo huku kanda ya Kulthum ikiimba.

Siku ya kupiga picha Frere Town ilikuwa ya jua kali. Pascalia alijitahidi, lakini alikuwa amekulia bara, na ile mistari haikumkaa mdomoni. Kulthum alipovuta neno, Pascalia alikuwa ameshalimaliza. Kulthum alipomeza pumzi, Pascalia alikuwa bado ameachama. Kila walipoanza upya kicheko kilimshika. Wanawake wa mtaani waliokuja kutazama walianza kucheka naye.

Kulthum alikuwepo. Hakuna aliyemwita, alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kizingiti cha nyumba ya jirani amejitanda buibui mpaka puani. Kijana mmoja aliyekuwa akiwashikia ubao wa kurudisha mwanga alimpelekea maji, wakasemezana kidogo. Mbarak alikuwa na jicho kwenye kamera, lakini jicho la pili lilikuwa kizingitini. Alisahau kugeuza kamera wakati wa Pascalia kugeuka, na picha nzima ikabaki ya mlango.

"Mbarak," Milcah aliita. "Unapiga nini?"

Waliahirisha.

Wakati wa kufunga vyombo, Kulthum alimsogelea Milcah. Hakuwa amekuja kwa sababu nyingine. Tangu siku ile alikuwa hatazami kioo ila kwa lazima, na kila aliyemsalimu njiani pale Likoni alijiuliza kama ni mmoja wa wale waliosema afadhali mtu mwingine.

"Dada," alisema, "nataka uniambie kitu, wala usinifiche. Hao watu walisema nini hasa juu yangu? Nina ubaya gani?"

Milcah aliweka chini waya aliokuwa akiukunja. "Ubaya? Nani amesema? Kila mtu alitaka kukuona wewe. Hakuna aliyetaja mtu mwingine. Na Likoni sisi hatujafika hata siku moja. Baba yako ndiye aliyekataa."

"Baba yangu hakukataa."

Wote wawili waligeuka kumtazama Mbarak, aliyekuwa amepiga goti akiitia kamera ndani ya sanduku lake. Alikuwa amesikia. Alilifunga sanduku, akalifungua, akalifunga tena.

Jumamosi yake alikwenda Likoni kwao Kulthum, bila kuitwa. Maalim Sheikhan alikuwa msikitini. Shangazi yake Kulthum, Bi Barke, alimkaribisha barazani, akamwita msichana, kisha akaketi ndani karibu na mlango ulio wazi, kama ilivyo ada.

"Abee," Kulthum aliitikia akitoka. Alipomwona ni nani, alikaa mbali, upande wa pili wa baraza.

"Nimekuja kusema kweli," alisema Mbarak.

"Sema."

"Niliona wivu."

"Na nani?"

Alitaka kutaja jina, akaona hana la kutaja isipokuwa la Tsuma, na Tsuma hakuwa amefanya kosa. "Na wote," alisema. "Wanaume wale walivyokusikiliza. Ungeliwaona. Nilijua wakikuona ndiyo basi."

"Ndiyo basi nini?"

Mbarak alianza kuchokoa ukingo wa mkeka kwa kidole.

"Wivu nauelewa," alisema Kulthum. Hakupaza sauti. "Ungelikuja ukaniambia, Kulthum, moyo wangu hauvumilii, tungekaa tukazungumza. Pengine ningeliacha mwenyewe. Lakini wewe ulinifanya niamini nachusha. Mimi nimelala na hilo neno, nimeamka nalo, nimepanda nalo feri watu wakinitazama. Na wewe ulikuwa ukiniona nimekonda, ukanyamaza."

"Nisamehe."

"Kusamehe ni jambo jingine. Video nitaifanya, na Milcah. Wewe kaa kando."

Ndani, Bi Barke alikohoa, na Mbarak akaelewa kwamba muda wa kukaa umekwisha.

Milcah hakujua kushika kamera. Alimwomba Mwalimu Odhiambo amfundishe, akawa anaibeba begani uani mwa chuo alasiri baada ya alasiri, akiwapiga kuku na nguo zilizoanikwa, mpaka picha ikaacha kutetemeka. Mwalimu hakuuliza kwa nini kundi limegeuka. Alimwambia Mbarak kazi yake ni kumalizia utafiti uliobaki, wa wanawake. Mbarak hakupinga. Lakini wanawake wa Likoni hawangemwambia yeye lolote, kwa hiyo hata hilo mwishowe Kulthum na Milcah walilifanya wenyewe.

Wakapata jambo ambalo kule getini na kwa kinyozi halikupatikana. Vijana wa banda walikuwa tayari kulipa kiingilio, lakini waliokodi kanda dukani na kwenda nazo nyumbani walikuwa wanawake. Bi Barke mwenyewe alikuwa na televisheni na deki ya kanda, na alasiri, kazi zikiisha, majirani walijaa sebuleni mwake kutazama filamu za Kihindi, mlango umefungwa, mabuibui yametundikwa. Walipousikia wimbo walimtaka mwimbaji, kama wanaume walivyomtaka, ila wakaongeza la kwao: mlango ule usibaki umefungwa. Mke yule aingie.

"Aingie vipi na amefungiwa?" Kulthum aliwauliza.

"Hilo lenu," alisema jirani mmoja. "Ninyi ndio wenye kamera."

Walipiga picha upya Frere Town, wanawake peke yao. Safari hii Kulthum aliimba mwenyewe, jasho likimtoka, na mlango ulipofika wakati wake ulifunguliwa kwa ndani na Bi Barke, aliyekuwa amejificha humo tangu asubuhi kwenye joto akilalamika. Halikuwa jambo kubwa. Lakini sura ya Kulthum mlango ulipofunguka haikuwa ya kuigiza, kwa sababu hakuambiwa utafunguliwa na nani.

Maalim Sheikhan aliiona kwanza, peke yake, kama walivyoahidiana. Alisema leso imepanda kidogo kwenye kifundo cha mguu lakini si kitu. Halafu ikaonyeshwa kwa Bi Barke, kwa wanawake.

Mbarak alikuja siku hiyo, akidhani kuna mahali pake. Hapakuwapo. Alikaa barazani na Maalim Sheikhan, mlango wa sebule umefungwa, mapazia yameteremshwa. Alisikia kinanda. Alisikia sauti ya Kulthum, kisha sauti za wanawake wakiimba naye, kisha kelele ndefu ya furaha ambayo hakujua imetokana na nini, maana hakujua kuhusu mlango. Kisha mtu akasema rudisha, na wimbo ukaanza tena.

"Mwanangu," alisema Maalim Sheikhan, "uliwaambia watu mimi nimekataa?"

"Nilisema hivyo, mzee."

"Ningelikataa ningekwambia wewe, uso kwa uso. Dini yangu usiifanye buibui la kujifichia." Alimmiminia kahawa.

Wanawake walipotoka, Mbarak alimwuliza Kulthum ni lini naye ataiona.

"Chuoni," alisema Kulthum. "Pamoja na watu wengine."

Siku ya maonyesho, ukumbi wa chuo ulijaa. Milcah alikuwa amewaalika wote aliowauliza maswali, na wengi walikuja: wale wa kiwandani, vijana wa banda, na Tsuma amevaa shati lililopigwa pasi. Kulthum alikaa mbele na baba yake. Mbarak alikaa nyuma, akamkuta Tsuma ameketi kiti cha pembeni yake.

Video ilipoanza ukumbi ulinyamaza. Tsuma hakufumba macho mara hii. Aliinamia mbele, viganja vyake vikubwa magotini. Mlango ulipofunguka alivuta pumzi. Kulthum alipogeuka mwisho kuwatazama watu, kijana mmoja alipiga mbinja, wenzake wakamnyamazisha kwa hasira, na Mbarak akahisi kile kitu cha getini kikimpanda tena, kilekile, hakikupungua hata kidogo. Alijua waya wa televisheni umechomekwa wapi. Aliutazama. Alikaa na mikono yake chini ya mapaja mpaka watu walipopiga makofi.

Mwalimu Odhiambo aliisifu kazi hiyo kuliko zote. Alisema angalau kundi moja lilijua uji wake utanywewa na nani.

Nje, watu wakitawanyika, Kulthum alimjia Mbarak karibu na ukuta. Maalim alisimama mbali kidogo akizungumza na Milcah.

"Uliitazama?" Kulthum alimwuliza.

"Niliitazama."

"Ulipenda wapi?"

Angeweza kusema mlangoni, kila mtu alikuwa akisema mlangoni. Maneno yalikuwa yameshamfika mdomoni. "Sikuiona vizuri," alisema. "Nilikuwa nikiwatazama wao."

Kulthum alimtazama bila hasira. "Leo umenijibu kweli," alisema. "Ahsante."

Alimwangalia mpaka Mbarak akafikiri ataongeza neno, na kwa dakika hiyo moja alitumaini. Kisha Kulthum akamwitikia baba yake aliyemwita, akaenda.

Wiki iliyofuata Maalim Sheikhan alimwita ami yake Mbarak, wakala chakula pamoja, na posa ikavunjwa, kama Kulthum alivyotaka, bila ugomvi wala maneno ya kuumizana. Mbarak alikuwa amekuja mwenyewe na ami yake, ingawa desturi haikumlazimu. Bi Barke alipomwona anavua viatu mlangoni, alimwambia aje akae, wali unapoa.